Mfarishi wa Mlola: robo inchi inavyoamua kazi nzima

Mlola, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, baridi ya Juni hadi Agosti haina mzaha. Huko, nyumbani kwa mama mmoja, kuna mfarishi wa viraka ambao sasa umefika hatua ya kuunganisha safu. Ni wa kitanda cha futi tano kwa sita. Ukikamilika utakuwa inchi 72 kwa 84, uteremke kidogo kila upande. Kazi inakwenda vizuri, na sababu zake ni za kiufundi.

Malighafi ni mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani. Kabla ya kukata chochote, kila kitambaa kilichomolewa uzi mmoja ukawashwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka ukaacha punje ngumu. Poliesta iliwekwa kando, kwa sababu haihimili pasi ya moto inayonyoosha pamba. Pamba nayo ililowekwa na kufuliwa mpaka maji yakatoka meupe. Ingeshonwa bila kufuliwa, ingesinyaa baadaye na kuvuta mishono, na nyekundu ingechuja juu ya nyeupe.

Kila kiraka kilikatwa inchi nne na nusu kila upande, mkasi ukifuata nyuzi za kitambaa, maana kilichokatwa mshazari huvutika. Viraka tisa vinatoa mraba mmoja mkubwa. Miraba ni 42, sita kwa saba, hivyo viraka ni 378.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Mshono hula robo inchi kila upande, kiraka kikabaki inchi nne kamili. Mshono ukizidi kwa moja ya kumi na sita tu ya inchi, kila kiraka kinapoteza moja ya nane. Safu ina viraka 18: zimekwenda inchi mbili na robo. Tena miraba haipungui kwa kiasi kimoja, kwa hiyo pembe hazikutani. Mama huyu amebandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa unapita ukigusa plasta hiyo. Kila mraba unapimwa kwa futi: ukiwa inchi 12 na nusu unaingia kwenye safu, usipofika unafumuliwa kwa wembe.

Pasi ya mkaa inafanya nusu ya kazi. Mishono ya mstari wa kwanza inalazwa kushoto, ya wa pili kulia, ya wa tatu kushoto. Mistari inapokutana, unene mmoja unaegemea mwingine na pembe zinajipanga zenyewe. Ikilazwa yote upande mmoja, panatokea nundu na sindano inaruka. Pasi inawekwa na kuinuliwa bila kuburutwa, kwani kuburuta hupinda kiraka.

Wapo watakaosema ukali huu umezidi. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari ikafuata kitambaa kilichopo, na mwaka 2002 mifarishi yao ikaoneshwa Whitney Museum, New York. Uzuri wao ni wa kweli, ila mpango wao haukudai kila pembe ikutane na mwenzake. Wa Mlola unadai.

Kilichobaki ni blanketi kuukuu la kuweka katikati na kitambaa cha chini. Doti moja ya khanga haitoshi: khanga zake mbili zikiunganishwa mbavu kwa mbavu hutoa takriban inchi 86 kwa 59, na upana unaotakiwa ni zaidi ya 72. Shuka pana la pamba ndilo jibu.

Ukitaka kuanza wako, shona mraba mmoja tu kwanza, uupige pasi, uupime. Ukisoma inchi 12 na nusu, endelea. Usiposoma, rekebisha mshono kabla hujakata viraka vingine.