Kongwa Mbili za Tabora: Kifuko Ndicho Kinachoamua

Mvua zikishika Tabora kuanzia Novemba, kando ya njia na katikati ya mahindi na tumbaku hutambaa jani teketeke lenye ua dogo la buluu. Wengine huliita kongwa, na wengi hudhani ni mmea mmoja. Kongwa ni nyingi, na mbili kati yake hufanana kiasi cha kuwachanganya hata watu wa kilimo: Commelina benghalensis, iliyopewa jina na mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753, na Commelina diffusa, iliyoingia vitabuni mwaka 1768. Ile ya ua la njano, Commelina africana, haimchanganyi mtu.

Kosa huanza kwa kulikimbilia ua. Ua la kongwa hufunguka asubuhi, na ikifika alasiri petali zake zimekwisha kuyeyuka zikawa ute. Chukua mfano wa mpelelezi James Grant, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora, pamoja na mpelelezi mwenzake Speke Januari 1861, akakusanya mimea katika njia ile ya misafara. Orodha yake ilichapishwa na Linnean Society ya London kuanzia 1872. Mtaalamu anayeletewa kongwa iliyokaushwa kutoka safari kama hiyo huona nini? Petali hazipo. Kilichobaki ni kifuko cha kijani kinachoshika maua, na hicho ndicho kinachoamua. Mtaalamu wa mimea Robert Faden alipochambua familia ya kongwa katika Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, mwaka 2012, miaka 60 baada ya mfululizo huo kuanza kuchapishwa, kifuko kilibaki kuwa kipimo kikuu.

Kitazame upande ule kingo zake mbili zinapokutana. Kwa diffusa, kingo zimeachana mpaka chini, ukigusa kwa kucha kinafunguka kama kitabu. Kifuko chenyewe ni kirefu, ncha yake imechongoka, na kimekaa juu ya kikonyo kinachoonekana wazi. Kwa benghalensis, kingo zimeungana upande wa chini, kikawa faneli. Ukikibana hutoa maji ya utelezi. Vifuko vyake karibu havina kikonyo, navyo husongamana vichwani mwa matawi.

Ukiona shaka, shuka kwenye ala, pale jani linapokumbatia shina. Benghalensis kwa kawaida ina nywele ndefu za rangi ya kutu mdomoni mwa ala. Diffusa haina hizo. Majani ya benghalensis ni mapana, umbo la yai. Ya diffusa ni membamba na marefu. Mimi siuamini upana wa jani peke yake, kwa sababu kivuli na rutuba huubadilisha.

Halafu chimba. Benghalensis ina vishina vyeupe ardhini vyenye maua yasiyofunguka kamwe: hujichavusha gizani na kuacha mbegu udongoni. Diffusa haina maua hayo. Hutoa mizizi kwenye vifundo vinavyogusa ardhi. Mche mchanga usihukumiwe kwa kipimo hiki, maana maua ya chini huchukua wiki kadhaa kutokea.

Mahali nako hudokeza. Diffusa hupenda unyevu, hivyo itafute kwenye majaruba ya mpunga na kingo za mbuga. Benghalensis hustawi zaidi katika mashamba ya juu. Lakini pembeni mwa jaruba unaweza kukutana na zote mbili, kwa hiyo mahali pasichukue nafasi ya kifuko.

Tofauti hii ina uzito wake kwa mkulima. Anayekwangua benghalensis juu juu kwa jembe huiacha mbegu iliyozaliwa chini. Huko Georgia, Marekani, imekuwa gugu sugu la mashamba ya pamba, kwa kuwa dawa ya glaifoseti haiimalizi. Na kongwa zote mbili, ukizipalilia siku ya mvua na kuziacha shambani, vipande vya shina huota tena. Zikusanye uzitoe nje, zikauke juani.

Ukimpelekea bwana shamba sampuli, ing'oe asubuhi pamoja na mizizi, vifuko vikiwa vizima. Ua peke yake halitamsaidia.