Kufunga Hesabu kwa Mikono Miwili

Katika kituo kimoja cha afya wilayani Kilolo yupo mhasibu, mama wa makamo, ambaye hafungi siku bila kulinganisha. Stakabadhi huzipanga kwa namba, huzijumlisha kwa kikokotoo, huandika jumla kwenye daftari la fedha, ndipo hugeukia kompyuta. Hesabu zikipishana hata shilingi mia tano, haondoki. Hurudia stakabadhi moja moja, kidole kikitangulia jicho, mpaka aikute iliyorukwa au iliyoingizwa mara mbili. Huizungushia penseli, husahihisha, hutia saini na tarehe. Kijana wa mafunzo kwa vitendo alimwambia mfumo unajumlisha wenyewe. Akamjibu, "Unajumlisha ulichouingizia, mwanangu."

Ufundi huo ndio ninaousifu. Ofisi inapohamia mfumo mpya, watu wa namna yake huikinga kuliko mkataba wowote. TAMISEMI ilipoleta mifumo ya PlanRep ya mtandaoni na FFARS mwaka 2017, kwa ajili ya mipango na hesabu mpaka ngazi ya zahanati na shule, ilifanyika busara moja: FFARS ilikuwa na vitabu vya kujaza kwa mkono pia. Aliyekaa Rungwe msimu wa mvua, radi zikipiga na umeme ukikatika Tukuyu nzima, anajua kwa nini vitabu vile havikuwa mzigo.

Wahasibu wa halmashauri niliowafahamu, walioanzia kwenye leja, wakapitia mfumo wa kompyuta wa Epicor hadi ule wa MUSE, walikuwa na desturi yao. Cha zamani hakifungwi mpaka kipya kimefunga mwezi, kisha mwezi mwingine, na usuluhishi wa benki umekubali. Kazi ilikuwa mara mbili, na waliifanya bila kunung'unika, kwa sababu salio la ufunguzi likikosewa, kila kinachofuata kimekosewa.

Siku hizi ni haraka tu. Chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Mbeya kilihamishia masalio ya wanachama kwenye kompyuta kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mafunzo yakawa ya siku mbili hotelini, nywila moja ya ofisi nzima ikabandikwa ukutani, na nakala rudufu hakuna aliyeiulizia. Madaftari yaliuzwa, muuza karanga wa stendi akayafanya vifungashio. Baadaye akaja mkulima wa viazi kutoka Uyole na kitabu chake cha mwanachama, kurasa zimelainika kwa kushikwashikwa, na salio lililoandikwa humo lilizidi lile la kwenye kompyuta. Aliyeufunga mfumo hapokei tena simu. Mhasibu aliyejua kila salio lilikotoka alikuwa ameondolewa kwa hoja kwamba hajui kompyuta, kana kwamba kompyuta haifundishiki. Mkulima yule, mzee wa watu, aliyeweka akiba yake msimu hadi msimu, akaambiwa arudi na risiti zote tangu alipojiunga.