Sifa za Mgeuza Majani

Mtunza mawaridi hodari hutamtambua kwa bomba la dawa alilobeba mgongoni. Utamtambua anavyoinama. Ua lenyewe halitazami. Hushika jani la chini, lile lililo kivulini, akaligeuza kwa kidole gumba, na hapo ndipo anapoanza kusoma.

Niliiona kazi hii ikifanywa kwa ukamilifu wake huko Naivasha, kwenye mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa. Mwanamke mmoja, mkaguzi wa wadudu, alipita tuta baada ya tuta tangu asubuhi, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Jani lenye vidoa vya manjano alilielekeza kwenye mwanga, akaligeuza, akatazama kwa utulivu. Kisha alifunga utepe kwenye shina, akaandika namba ya tuta daftarini, akasonga mbele. "Kaka," aliniambia, "ukiona utando bila kioo, ujue umeshachelewa."

Alikuwa akiusaka utitiri mwekundu, ndio ufumao utando huo. Huu si mdudu hasa. Una miguu minane, ni wa ukoo wa buibui, na hunyonya maji ya jani kwa upande wa chini. Joto likipanda na hewa ikikauka, yai huwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi. Na dawa peke yake haiuwezi: utitiri huu umekwisha kuonyesha usugu dhidi ya viambato zaidi ya 90. Mwenye kupiga dawa kila Jumatatu, wadudu wawepo wasiwepo, anawaua wanyonge na kuwaachia shamba wale sugu wazaane.

Ndiyo sababu mashamba mengi yameajiri adui wa utitiri. Anaitwa Phytoseiulus persimilis, naye ni utitiri pia, wa rangi ya chungwa, mwepesi wa miguu. Mwaka 1958 alipatikana Ujerumani kwenye okidi zilizotoka Chile, na tangu hapo amesambazwa duniani kote. Chakula chake ni utitiri ule mharibifu tu. Ukiisha, naye hufa njaa. Huletwa ndani ya chupa, na wafanyakazi humnyunyiza juu ya majani kama mpishi anavyotia chumvi. Akimwagwa mapema mno, hana cha kula. Akichelewa, windo limeshamzidi. Siku ya kumwaga hujulikana kwa daftari la yule mkaguzi, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wote.

Nyumbani mambo ni madogo zaidi, lakini jicho ni lilelile. Vidukari hupenda matumba machanga. Majike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo kundi dogo la leo hulifunika tumba baada ya siku chache. Ukiona sisimizi wakipanda shina kwa msafara, fuata waendako: wanakwenda kukusanya maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa malipo hayo huwalinda dhidi ya maadui. Mimi huanza kwa vidole na maji ya kasi. Wakikaidi, natumia maji ya sabuni, nikilenga chini ya majani, kwani sabuni humdhuru tu yule iliyemgusa. Mafuta ya mwarobaini hufanya kazi polepole, yakimvuruga mdudu asiweze kujivua gozi na kukua. Pareto ina nguvu na huharibika upesi juani, ila haichagui: nyuki naye hufa. Mimi huipiga jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na si juu ya maua yaliyochanua.

Kuna kiumbe mmoja ninayemwonea uchungu. Yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi kila mtu humpenda. Mtoto wake hana sura hiyo: ni mweusi, mrefu, ana miiba midogo mgongoni na miguu sita mbele. Watu humwona wakadhani ndiye mharibifu, wakamponda, na vidukari aliokuwa akiwala wakabaki salama. Nimeona hata watunza bustani wa miaka mingi wakifanya hivyo. Ukimkuta kwenye waridi lako, zuia mkono kidogo, uinamie jani na utazame anakula nini.