Barua Iliyotoka Izigo

Kitabu cha Morgan Ames, The Charisma Machine, kilichotolewa na MIT Press mwaka 2019, kinahusu watoto wa Paraguay. Mimi nilikisoma huku nikiwaza Izigo. Nikiwa darasa la sita huko, mwaka 2009, niliandika barua ya kwenda kwa mtoto wa ng'ambo nisiyemjua. Barua hiyo haikujibiwa. Kitabu hiki ndicho kilichonisaidia kuelewa kwa nini, na pia kilinifanya nitamani kubishana nacho kidogo.

Kwanza kitabu chenyewe. Ames anasimulia habari za One Laptop per Child, mradi uliotaka kila mtoto wa nchi maskini awe na kompyuta mpakato yake. Nicholas Negroponte wa MIT aliutangaza mwanzoni mwa mwaka 2005, akiahidi mashine ya dola 100. Novemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, mfano wa mashine hiyo ulionyeshwa ukiwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Kofi Annan alipoujaribu, ule mkono ulikatika. Mashine iliyoingia viwandani mwaka 2007 haikuwa na mkono huo, na bei yake ilikaribia dola 200.

Hata hivyo ilikuwa mashine ya kupendeza. Ilikuwa ya kijani na nyeupe, yenye antena mbili zilizosimama kama masikio, kibodi ya mpira isiyoingiza vumbi kwa urahisi, na kioo kinachosomeka juani. Iliweza kuunganishwa na nyingine za jirani bila intaneti. Zaidi ya milioni mbili ziligawiwa duniani, nyingi zaidi Peru na Uruguay. Majirani zetu Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera, walipokea zaidi ya laki mbili.

Ames haichambui mashine hii kama fundi. Anaisoma kama mhakiki anavyosoma riwaya, akitafuta mhusika mkuu. Anauliza: mtoto aliyekuwa vichwani mwa walioibuni alikuwa nani? Jibu lake ndilo kiini cha kitabu. Alikuwa wao wenyewe utotoni, au utoto wao kama walivyoukumbuka: mvulana mwerevu, peke yake na kompyuta, anayefungua kila kitu aone kinavyofanya kazi, anayejifunza licha ya shule na si kwa sababu ya shule. Nyuma ya picha hiyo yuko Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekwenda kufundisha MIT. Katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, Papert alitetea wazo kwamba mtoto akipewa kompyuta ya kuchezea na kuiamrisha, atajijengea maarifa mwenyewe.

Ames alikwenda Paraguay kumtafuta mvulana huyo na hakumpata mara nyingi. Alikuta watoto walioziacha mashine zao, watoto ambao vioo vilikuwa vimevunjika au chaja zimekufa, na wengi waliozitumia kusikiliza muziki, kutazama video na kucheza. Wachache waliofika kwenye kuandika programu hawakufika peke yao. Kulikuwa na mtu mzima nyuma yao. Nchini Peru, utafiti uliofanyika katika shule 319 na kutolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba kompyuta hizo hazikupandisha alama za hisabati wala za lugha, ingawa kulikuwa na dalili za maendeleo katika majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri.

Neno haiba lililo kwenye jina la kitabu linatoka kwa Max Weber, aliyeeleza jinsi kiongozi anavyofuatwa kwa mvuto wake. Ames anasema mashine nayo yaweza kuwa hivyo. Inaaminiwa kwa kile inachoahidi, na ikishindwa lawama huwaangukia walimu, wazazi, au watoto wenyewe, wakati ahadi inabaki safi ikisubiri mashine ijayo.

Sasa Izigo. Ni kata ya wilaya ya Muleba, kando ya barabara itokayo Bukoba. Nyumba zimejificha ndani ya migomba, na chini ya migomba kuna mibuni. Mtoto wa huko husikia Kihaya nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akifika sekondari huambiwa sasa karibu masomo yote yamehamia kwenye Kiingereza. Na hayuko peke yake hata dakika moja. Mtoto wa Izigo akishika kitu kipya, wenzake kumi wamemzunguka, mmoja anaelekeza, mwingine anasubiri zamu yake, wa tatu anasema kitaharibika. Yule mvulana wa kitabuni, aliyejifungia na kompyuta yake, kwetu angeulizwa kama anaumwa.

Mimi tena nilikuwa msichana. Wageni walipofika shuleni kwetu walikuja na kompyuta mbili ndogo. Shule haikuwa na umeme, kwa hiyo mashine zilipelekwa kuchajiwa dukani barabarani. Tukaambiwa tutakuwa marafiki na wanafunzi wa shule fulani ng'ambo. Kila mmoja aandike barua, mwalimu aitazame, wageni waichape, na wakirudi Bukoba mjini kwenye mtandao waitume.

Niliandika kwa Kiswahili, juu ya senene. Ulikuwa msimu wao, wakati wa mvua za Novemba. Niliandika kwamba mama huamka alfajiri kuwakamata kwenye majani kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Niliandika kwamba zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene na kuwatengeneza, kisha mume akala, na yeye akapewa nguo mpya kama ahsante. Bibi yangu hakuwahi kuwaonja mpaka alipokufa. Mama anaonja jikoni. Mimi nakula sahani nzima. Nilimalizia kwa kuuliza: je, huko kwenu kuna chakula ambacho bibi yako hakuruhusiwa kula?

Mwalimu alisoma, akacheka, kisha akapiga mstari. Badala yake, kwa Kiingereza, ikaandikwa kwamba naishi Tanzania, nchi yenye Mlima Kilimanjaro na mbuga ya Serengeti. Darasa zima hakukuwa na aliyewahi kuuona huo mlima. Wote tuliishia na barua karibu moja. Simlaumu mwalimu. Alijua, au alidhani anajua, kitu ambacho msomaji wa ng'ambo angependa kupokea, na hakutaka tuonekane washamba wanaokula panzi.

Kisha tukapigwa picha. Tulikaa kwenye nyasi, kompyuta ikawekwa mapajani mwangu, wenzangu wakainama kuitazama. Tuliambiwa tutazame kioo na tucheke. Kioo kilikuwa cheusi, chaji ilikuwa imekwisha. Tulicheka.

Ndiyo maana sura ya Ames iliyonishika kuliko zote ni ile inayoeleza jinsi maendeleo yanavyoigizwa: wageni na wafadhili wanapokuja, watoto hodari huitwa mbele, mashine nzima hutolewa, na kila mtu anajua nafasi yake. Hapo ndipo nilipoielewa picha yetu. Picha hiyo ilikuwa na msomaji na ilimfikia. Barua yangu haikuwa na msomaji tangu mwanzo, kwa sababu hakuna aliyejiandaa kuijibu.

Kiswahili kilikuwa kimeshalisema jambo hili. Kitenzi ni kuwasiliana. Kile kiambishi -an- ndicho hichohicho cha kupendana na kupigana. Si kazi ya mtu mmoja. Ujumbe ukienda na jibu lisirudi, ujumbe umewasili tu, hatujawasiliana. Miradi mingi ya kuwaunganisha watoto wa vijijini na dunia imepimwa kwa idadi ya mashine zilizowasili. Ni wachache waliouliza mtoto alipata majibu mangapi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kitabu. Ames anatuonya vizuri tusitekwe na haiba ya mashine, na onyo hilo linamfaa mfadhili, waziri na mhandisi. Lakini msomaji wa Muleba akifunga kitabu anaweza kubaki na neno moja tu, hapana. Na kwetu neno hilo lina wasemaji wengi tayari. Kila zikitajwa kompyuta shuleni, mtu husimama na kusema: madawati hakuna, vyoo hakuna, kompyuta za nini? Linasikika kama neno la busara. Mimi naliona kama namna ya kumwambia mtoto wa kijijini asubiri dunia nzima ipite kwanza. Nchi yetu iliwahi kusubiri hivyo: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla mlango haujafunguliwa vizuri. Gharama ya kusubiri nayo ihesabiwe. Mtoto anayekaa chini anastahili dawati, na anastahili pia kuandika barua ikajibiwa.

Kwa hiyo swali langu ni mashine ya namna gani, kwa lugha gani, na pamoja na nani. Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa watoto zaidi ya 2,000 ambao wengi wao hawakuwa wamesoma shule. Lengo lilikuwa lilelile la zamani, mtoto ajifundishe mwenyewe bila mwalimu. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa: programu zote zilikuwa za Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10.

Matokeo hayo nayachukua kwa uzito, na yananifurahisha. Ila nayasoma kama Ames alivyonifundisha, nikitafuta mtu aliyeachwa nje ya sentensi. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na katika vijiji kulikuwa na kina mama waliopewa kazi ya kuangalia vituo vya kuchajia na kuwahimiza watoto. Hata mradi uliobuniwa ili usihitaji mtu mzima ulimhitaji mama mmoja wa kijiji. Bila yeye, kishikwambi kingelala kama kompyuta iliyowekwa mapajani mwangu.

Kenya nao waliahidi mwaka 2013, wakati wa kampeni, kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Miaka mitatu baadaye ahadi hiyo ilikuwa imegeuka kuwa vishikwambi vinavyokaa shuleni. Sisi tulifika kwa njia nyingine kabisa: baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Sidhani kama aliyeamua hivyo alikuwa anajibu hoja ya Papert, lakini uamuzi huo umemweka mwalimu mahali ambapo One Laptop per Child walimruka. Yule mwalimu wangu aliyepiga mstari juu ya senene angekuwa na kifaa, na mtandao, na mwalimu mwenzake wa kumwandikia huko ng'ambo, pengine angejua kwamba kuna watu wangesoma habari za bibi yangu hadi mwisho. Yeye naye hakuwa na wa kumjibu.

Hili ndilo ningeliongeza kwenye kitabu cha Ames kama ningekuwa na kurasa mbili za mwisho. Pamoja na mtoto wa kufikirika wa wahandisi, tumchunguze pia msomaji wa kufikirika wa mtoto. Tulipoandika barua zile, kila mtu, mgeni na mwalimu, alikuwa na picha ya msomaji huyo: mzungu mdogo anayependa milima na tembo. Mimi peke yangu, kwa ujinga wa utoto, nilimdhania kuwa mtu mwenye bibi.

Siku hizi mtoto wa kaka yangu, aliye darasa la tano hukohuko Izigo, hunitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mama yake. Nusu Kihaya, nusu Kiswahili, na nyuma yake nasikia wenzake wakimwambia aseme hili na lile. Hakuna mradi uliompa simu hiyo na hakuna aliyempiga picha akiishika. Juzi aliniuliza: "Shangazi, huko uliko senene wanafika, au ni mpaka tukutumie?"

Nilikuwa na kazi, nikasema nitamjibu baadaye. Zimepita siku nne. Ninaandika juu ya watu wasiojibu barua za watoto, na yeye ananisubiri.