Kazi Inayofungiwa Ndani ya Plagi

Fundi ninayemzungumzia anakaa Ngamiani, Tanga, na karakana yake ni kibaraza cha nyumba: meza moja, taa ya kuning'inia, kopo la skrubu, na ukutani nyaya zilizokunjwa duara, kila moja imefungwa kwa uzi. Nilimpelekea waya wa umeme wa amplifaya. Ulikuwa mnene, umevishwa nailoni nyeusi ya kusuka, na niliununua kwa kupendezwa na macho tu. Miezi michache baadaye plagi yake ikaanza kupata joto, hadi siku moja nikakuta plastiki ya karibu na fyuzi imegeuka rangi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete nione."

Aliupima kwa kuuning'iniza kiganjani, kama mnunuzi apimavyo samaki. "Mwanangu, huu mwepesi mno." Akaumenya, akatoa uzi mmoja, akaukwangua kwa ncha ya kisu. Juu mwekundu, ndani mweupe. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule, aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na uzito wake haufiki theluthi moja. Unene niliolipia pesa ulikuwa wa ganda.

Siku hiyo nilikaa kwenye kibaraza mpaka adhuhuri nikimtazama akinitengenezea mwingine.

Alianza kwa kukata mita moja na nusu ya waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5, wenye njia tatu, shaba tupu. Urefu huo aliupata kwa kuniuliza amplifaya iko wapi na soketi iko wapi, akaongeza shibiri mbili. Waya mrefu kupita kiasi, alisema, huishia kuviringwa nyuma ya kabati pamoja na nyaya za spika, na hapo ndipo muungurumo unapozaliwa.

Kisha akamenya ganda la nje. Wengi wetu huzungusha kisu kama tunamenya chungwa, na makali hufika kwenye nyaya za ndani. Yeye huukunja waya kama upinde, halafu anagusa mgongo wa upinde kwa makali. Ganda lililovutika hufunguka lenyewe. Anageuza, anagusa tena, anageuza tena, kisha analichomoa ganda kama soksi. Ndani zinatoka nyaya tatu bila mkwaruzo: ya kahawia ndiyo laivu, ya bluu ndiyo nyutro, na ya kijani yenye mstari wa njano ndiyo ethi.

Waya wa 1.5 wa aina inayopindika huwa na nyuzi 30 za shaba, kila uzi una unene wa robo milimita. Alipomenya ncha ya bluu alizitandaza nyuzi kwa kidole gumba, akazitazama chini ya taa, kisha akakata ncha nzima na kuanza upya. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Nyuzi 28 zingebeba umeme wa amplifaya yangu bila taabu, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Lakini uzi uliokatika ni dalili kwamba kisu kimeuma, na palipoumwa ndipo nyingine zitakapofuata kukatika kila waya utakapopindwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilidhani sasa atazigandisha ncha kwa risasi, kama nilivyozoea kuona. Hakufanya hivyo. Risasi ni laini: ikibanwa chini ya skrubu hujongea polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka skrubu inalegea bila kuguswa na mtu. Palipolegea pana ukinzani, na penye ukinzani pana joto. Yeye huvisha kila ncha kikofia cha shaba iliyopakwa bati na kukibana kwa koleo lake maalumu, nyuzi zote 30 zikawa kitu kimoja kigumu. Anakaza skrubu, anavuta waya kwa nguvu, anaendelea na kazi nyingine, kisha anarudi kukaza tena. Mara zote nilizomtazama, skrubu hukubali kuzunguka kidogo zaidi safari ya pili.

Ndani ya plagi nyaya tatu hazilingani urefu, na hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Ethi ameiacha ndefu, imelegea kidogo kwenye kona yake. Laivu amekata fupi. Plagi hii ya pini tatu bapa tuliipata kutoka Uingereza, ambako kiwango chake kilitolewa mwaka 1947, na pini yake ya ethi ni ndefu kuliko zile mbili kwa makusudi: ndiyo inayotangulia kuingia na kufungua vizibo vya soketi, na ndiyo ya mwisho kutoka. Fundi anaufuata mpango huohuo ndani. Mtoto akijikwaa kwenye waya, zikichomoka moja moja, itangulie laivu na ethi iwe ya mwisho kuachia. Amepanga hata namna kitu chake kitakavyoharibika, ili kisimdhuru mtu.

Kibanio cha plagi amekikaza juu ya ganda la nje, wala si juu ya nyaya za ndani, ili mvuto wote uishie pale usifike kwenye skrubu. Fyuzi ya ampea 13 iliyokuja na plagi aliitoa akaweka ya 5. Amplifaya yangu hula kama wati 300, yaani ampea 1.3 kwenye umeme wa volti 230. Ya 3 ingetosha, lakini transfoma kubwa hugugumia umeme mwingi kwa nukta moja inapowashwa. Fyuzi ya plagi ipo kulinda waya, na ya 5 hukatika mapema kuliko ya 13 hitilafu ikitokea.

Kichwa cha upande wa pili, kile cha matundu matatu tulichozoea kwenye kompyuta, kilipata uangalifu uleule. Kisha akachukua mita ya kupimia umeme, ile inayolia njia ikiunganika. Kila njia ilipaswa kulia kutoka mwanzo hadi mwisho huku yeye akiutikisa waya, na hakuna njia iliyoruhusiwa kulia pamoja na jirani yake. Akafunga vifuniko, akaingia ndani, akatoka na jiko la umeme la wali lenye tundu linaloingiana na kichwa kile. Jiko la wati 700 huvuta umeme zaidi ya mara mbili ya amplifaya yangu. Akapika chakula cha mchana kwa waya wangu. Wali ulipoiva alishika plagi kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono mwingine, akanyamaza kidogo, kisha akanipa nishike mwenyewe. Vyote vilikuwa vya baridi.

Wapenda muziki watauliza kama sauti ilibadilika. Ulaya na Marekani kuna nyaya za namna hii zinazouzwa kwa maelfu ya dola kwa ahadi ya besi nzito na sauti angavu. Mimi nasimama upande wa hesabu. Waya wangu mpya, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban sehemu 4 za mia za omu. Amplifaya ikivuta hata ampea 2, volti inayopotea njiani haifiki sehemu moja ya kumi, na umeme wa nyumbani hupanda na kushuka zaidi ya hapo kila jokofu linapowaka. Isitoshe, ndani ya amplifaya umeme huo hupitia transfoma, dayodi na kapasita kabla haujaufikia muziki. Waya wa umeme hauongezi utamu kwenye udi wala fidla ya taarabu.

Ambacho waya unaweza kufanya ni kuiharibu sauti. Skrubu iliyolegea huleta mikwaruzo. Waya wa umeme uliolala sambamba na waya wa sauti huupitishia muungurumo, na dawa yake ni kuzitenganisha, au zikibidi kukutana zipitane kama msalaba. Wako pia wanaokata ethi ili muungurumo ukome. Fundi wangu humkatalia kazi mteja wa namna hiyo, hata akiongeza bei. Amplifaya yenye mwili wa chuma ikipoteza ethi, hitilafu moja ya ndani inatosha kuufanya mwili wote uwe laivu, na wa kwanza kuushika ni mwenye nyumba. Redio yenye alama ya mraba ndani ya mraba imeundwa isihitaji ethi. Amplifaya yangu haina alama hiyo.

Kwa hiyo ninachokiheshimu katika kazi ya mzee huyu ni uaminifu wake mahali pasipoonekana. Ethi ndefu, vikofia, skrubu iliyokazwa mara mbili, vyote hufungiwa ndani ya plastiki, na mteja hulipa na kwenda zake bila kuviona. Angeweza kuruka nusu ya hatua zile na amplifaya ingewaka vilevile siku hiyo.

Nawe msomaji, leo kabla ya kuwasha muziki, zima soketi, chomoa plagi, na kama ni ya kufungulika, fungua skrubu yake ya katikati. Tazama kama ethi ipo na ndiyo ndefu, kama kibanio kimeshika ganda la nje, kama kuna skrubu inayozunguka kwa kidole. Ukikuta kasoro hata moja, usiirudishe ukutani. Mpelekee fundi anayekaza mara mbili.