Kufua Umeme au Kuzalisha Umeme? Tahakiki ya Istilahi za Jenereta

Uteuzi wa istilahi huonekana jambo dogo ukiwa mezani mwa mfasiri. Lakini kijana wa Kilwa Masoko au Lindi anayejaribu kuunda jenereta nyumbani, kwa sumaku chache na waya wa shaba, ataokoa au atapoteza fedha zake kufuatana na maneno aliyofundishwa. Ni kwa ajili yake tunayapima hapa maneno matatu.

La kwanza ni jenereta. Mtaani jenina hili hutaja chombo kizima: injini inayounguza petroli au dizeli pamoja na kile inachokizungusha. Katika fizikia, jenereta ni hicho kinachozungushwa tu. Mfasiri asipotenganisha maana hizi, msomaji aambiwapo kwamba jenereta hutoa umeme kwa sumaku na koili, atadhani kwamba mafuta ni ziada tu inayoweza kuondolewa. Hapo ndipo matangazo ya "jenereta isiyotumia chochote" yanapompata mnunuzi. Tunashauri maandishi ya mafunzo yataje injini peke yake na dinamo peke yake. Neno dinamo tayari wanalo waendesha baiskeli.

La pili ni nguvu. Neno hili limetwishwa mzigo wa dhana tatu. Sumaku "ina nguvu", betri "ina nguvu", taa "inakula nguvu". Kwa mwenye kusoma hivyo, ni halali kabisa kuhitimisha kwamba sumaku itatoa nguvu zake kwa taa daima. Kosa si la akili yake, bali ni la istilahi. Sumaku ina kani, yaani mvuto na msukumo. Taa hutumia nishati. Na kiasi cha nishati kitumikacho kila sekunde hupimwa kwa wati. Msamiati wa kani na nishati tunao. Kilichobaki ni kuutumia bila kulegeza.

La tatu ni kitenzi chenyewe. Maandishi mengi husema kuzalisha umeme. Hatulikatai neno hilo, kwani limeenea Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, kwa kumwelimisha mwanafunzi, kufua ni bora zaidi. Mhunzi hufua chuma juu ya fuawe, na mkulima wa pwani ya Lindi hufua nazi kwa kifuo. Katika kazi zote mbili hakuna kinachopatikana bila jasho la mkono. Ndivyo ilivyo pia kwa umeme. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili, mkondo hupita katika waya. Sumaku ikitulia, mkondo hukoma. Tena, mwenye kuzungusha dinamo kwa mkono ataona kwamba taa ikiunganishwa, mpini huwa mzito. Uzito ule ndio bei ya mwanga. William Kamkwamba wa Malawi alipotumia dinamo ya baiskeli kuwasha taa nyumbani kwao, upepo ndio uliomlipia bei hiyo.

Wilaya ya Kilwa yenyewe inatoa ushahidi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kuendesha mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Sumaku zimo ndani ya mitambo ya namna hiyo, lakini ni gesi iunguayo inayoizungusha.

Huenda ikadaiwa kwamba kufua hutaja pia nguo, hivyo litaleta utata. Hoja hii haina uzito. Muktadha huondoa utata huo mara moja, na mitambo ya kufua umeme imekwisha kutajwa hivyo nchini Tanzania kwa miaka mingi bila mtu kufikiria sabuni.

Kwa hiyo twapendekeza: injini na dinamo vitengwe, kani na nishati visiitwe nguvu katika vitabu vya ufundi, na kufua kipewe nafasi ya kwanza darasani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na istilahi njema humwambia hivyo mapema, kabla hajanunua waya. Walimu na wafasiri wenye maoni tofauti tunawaomba wayalete, pamoja na mifano ya matumizi kutoka sehemu zao.