Fundi Asiyekata Waya

Kwa wiki tatu gari langu lilikuwa na kioja. Nikikanyaga breki mchana kweupe, taa zote zimezimwa, dashibodi ilipata mwanga hafifu, kama mtu kawasha kibatari nyuma yake. Nikiachia, kiza. Usiku nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma upande uleule ilififia na kurudi, ikipokezana na indiketa kana kwamba zinagawana pumzi moja.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo. Akaweka balbu mpya mbili, akabadilisha flasha, kisha akachomoa fyuzi nyekundu ya ampea 10, nzima kabisa, akachomeka ya njano ya 20 "ili isisumbue". Nikalipa, kioja kikabaki. Nilipokuja kuelewa, fyuzi ile ya njano ndiyo iliyonitia hofu. Fyuzi imewekwa ife kabla ya waya. Ukiweka kubwa, au ukiizungushia karatasi ya pakiti ya sigara kama wanavyofanya wengine, siku ya shoti utaungua waya, na waya hupita chini ya zulia na nyuma ya viti unavyokalia.

Wa pili nilimkuta Ngamiani, Tanga, chini ya mwarobaini. Hakugusa boneti. "Mwalimu, ingia ndani. Kanyaga breki. Achia. Washa taa ndogo. Kanyaga tena." Yeye alisimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, akitazama tu.

"Umeme wako unafika vizuri," akasema. "Tatizo hauna pa kurudia."

Gari halina waya wa kwenda na wa kurudi kwa kila taa. Waya wa kwenda upo; kurudi betri, umeme hupita kwenye bati la gari lenyewe. Kila taa ina kipande kifupi cha waya kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi, nacho mafundi hukiita ethi. Bolti ikishika kutu, umeme wa breki hukuta mlango umefungwa. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 21 kwa breki na ya wati 5 kwa taa ndogo, na zote hutegemea ethi moja. Basi umeme huingia uzi wa pili kinyumenyume, hupanda waya wa taa ndogo na kutafuta njia kwenye taa nyingine, za dashibodi zikiwemo. Kibatari changu kilikuwa umeme uliopotea njia.

Alikwisha kuyajua hayo kabla ya kushika chombo, lakini hakujiamini bure. Alitoa testa yake, kitaa kidogo chenye sindano na waya mrefu, akaufunga waya kwenye chanya ya betri, akagusa bolti safi ya bodi: kikawaka sana. Akagusa waya wa ethi wa taa ya kushoto: kikafifia. Kipimo kimoja, na balbu, swichi, flasha na fyuzi vyote vikaachiwa huru kwa mkupuo. Kisha akaleta mita. Betri iliyopumzika ilisoma volti 12.6. Kati ya ethi ile na bodi, breki ikiwa imekanyagwa, panapotakiwa karibu sifuri, palikuwa na volti 6 na ushei.

Alifuata waya mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Toyota huo ndio wa ethi, na yeye huzijua rangi hizo kama watu wanavyojua koo za mtaani kwao. Chini ya zulia la buti, ncha ya waya kwenye bolti ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Upepo wa bahari hauna huruma na shaba. Msasa kidogo, bolti ikakazwa, grisi juu. Dakika kumi. Hakukata waya hata mmoja, hakusokota kiungo, hakufunga nailoni.

Nimemwona pia akitafuta kwa nini betri hulala yenyewe. Taa ya buti ya wati 5 iliyosahaulika hula ampea 0.4 hivi, betri ya ampea-saa 40 itakwisha kwa siku nne, na stata itagoma mapema zaidi. Hufunga mita kwenye hasi, hufunga milango, kisha husubiri kompyuta za gari zilale, hata nusu saa. Ndipo huchomoa fyuzi mojamoja akiitazama namba. Mteja wa pembeni huhema kwa hasira, akidhani fundi kazubaa. Huo ndio uonevu tunaowafanyia watu hawa: anayetupa boksi la kifaa kipya tunamlipa bila neno, na aliyetafuta tunamhesabia dakika. Mimi mwenyewe siku ile nilianza kuomba punguzo, nikajirudi.

Alirudisha fyuzi nyekundu mahali pake. Kisha akaniuliza balbu za zamani ziko wapi. Zilikuwa kwenye droo ya dashibodi. Nilikuwa nimesahau kuzitupa. Akaziunganisha kwenye betri, moja baada ya nyingine, kwa vipande viwili vya waya.

Zote mbili zikawaka.